Riale zote zimeandikwa 1780: namna ninavyolinganisha sarafu za fedha za Ulaya hapa Tanga

Mtu akishajulikana hapa Tanga kwamba anapenda sarafu za kale, hana haja ya kuzitafuta tena, kwa maana zinamfuata zenyewe. Anayezileta huwa amezifunga kwenye kitambaa au kwenye mfuko wa nailoni, na kabla hajazifungua huwa na neno la kutanguliza: "Hii ni ya mwaka 1780, mwalimu, ina zaidi ya karne mbili." Anasema alichokisoma kwenye sarafu yenyewe, kwa hiyo hadanganyi. Tatizo ni kwamba kwenye riale ya Maria Theresa tarehe ndiyo sehemu pekee isiyomwambia mtu chochote. Iliyopigwa London mwaka 1950 imeandikwa 1780, iliyopigwa Roma wakati wa Mussolini imeandikwa 1780, na zinazopigwa Vienna siku hizi kwa ajili ya wakusanyaji nazo zimeandikwa 1780. Anayetaka kujua sarafu yake ilitoka wapi na lini itambidi asome kila kilichomo isipokuwa mwaka.

Maria Theresa alitawala nchi za ukoo wa Habsburg, Austria ikiwa kiini chake, kuanzia mwaka 1740 hadi alipofariki tarehe 29 Novemba 1780. Riale zenye sura yake zilianza kupigwa mwaka 1741, na katika uhai wake zilikuwa zikibadilika kama sarafu za mtawala mwingine yeyote: sura ya binti ikawa ya mama mtu mzima, na baada ya mumewe Francis wa Kwanza kufariki mwaka 1765, akaanza kuonyeshwa akiwa amejitanda utaji wa mjane. Alipofariki yeye mwenyewe, wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na Uhabeshi walikuwa wameshaizoea sura hiyo ya mwisho kiasi cha kuikataa sarafu yoyote iliyotofautiana nayo. Austria ikaona ni heri kuendelea kuipiga kama ilivyo, pamoja na mwaka wake. Mwaka 1857 Kaisari Franz Joseph wa Austria aliitangaza kuwa sarafu rasmi ya biashara, na mwaka uliofuata ikaacha kuwa fedha halali ndani ya Austria yenyewe. Tangu hapo ikawa fedha ya watu wa mbali, sisi wa pwani hii tukiwamo, na jumla ya zilizopigwa tangu kifo cha mwenyewe inazidi milioni 300. Mwenye kuileta kwangu akitarajia bei ya kitu adimu huwa namwambia idadi hiyo kwanza, kisha ndipo tunaagiza kahawa.

Hebu tuiangalie moja kwa karibu. Riale iliyo kamili ina uzito wa gramu 28.07 hivi, kipenyo chake ni kama milimita 40, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha halisi, yaani karibu gramu 23.4 za fedha katika kila sarafu. Upande wa kichwa una mwanamke mnene, utaji ukishuka nyuma ya nywele, taji dogo lenye lulu juu ya paji la uso, na bizimu begani linaloshikilia vazi. Bizimu hilo ndilo wakusanyaji wengi huanza nalo, kwa kuwa katika mapigo mengi ya baadaye limezungukwa na lulu tisa zinazohesabika bila shida kama sarafu haijachakaa. Chini ya bega kuna herufi S.F., ambazo ni za maofisa wawili wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, Tobias Schöbl na Joseph Faby. Wao walishakufa zamani, kiwanda chenyewe kilishafungwa, lakini herufi zao zimeendelea kurudiwa mpaka leo kwa sababu mnunuzi wa Massawa au wa Unguja angeikataa sarafu isiyo nazo.

Maandishi yanayozunguka kichwa ni M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG., yaani Maria Theresa, kwa neema ya Mungu, mtawala mkuu wa Dola ya Roma, malkia wa Hungaria na Bohemia. Upande wa pili una tai mwenye vichwa viwili, ngao kifuani, na maandishi ARCHID. AVST. DUX BURG. CO. TYR. 1780 X, yanayotaja Austria, Burgundy na Tyrol. Msomaji mwenye jicho kali ataona kwamba neno la Austria limeandikwa kwa V ya Kilatini cha kale ilhali DUX na BURG yana U ya kawaida, na hali hiyo imehifadhiwa kwa uaminifu uleule katika kila kiwanda kilichoipiga. Alama ya mwisho inayofanana na X si herufi wala tarakimu. Ni msalaba wa mshazari uliowekwa mwaka 1750 kuonyesha kwamba kiwango cha fedha ndani ya sarafu kimebadilishwa. Ukingoni kuna maneno JUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, kwa herufi zilizotokeza nje na mapambo katikati yake. Ukingo huo ulikuwa kinga kubwa, kwani mtu aliyekwangua fedha pembeni aliyafuta maandishi na kujifichua mwenyewe.

Sasa, tofauti ziko wapi? Ziko pale ambapo mchongaji wa muhuri, yaani chuma cha kupigia sarafu, alitakiwa kunakili mamia ya vitu vidogo kwa mkono au kutoka kwenye muhuri wa zamani uliokwisha kulika. Idadi na ukubwa wa lulu za taji na za bizimu hubadilika. Manyoya ya mkia wa tai huweza kuwa membamba na yaliyoachana, au mapana na yaliyobanana. Nukta baada ya ule msalaba huwapo au hukosekana, na inapokuwapo huweza kuwa juu au chini kidogo. Nukta za S.F. nazo haziaminiki kufanana. Mapambo ya ukingoni, ambayo wengi hawayatazami kabisa, hutofautiana kwa umbo na kwa nafasi kati ya maneno. Hakuna hata moja kati ya alama hizi inayotosha peke yake, na mtu anayekuambia "hii ni ya Venice" kwa kuangalia lulu tu, bila kuigeuza sarafu upande wa pili, mimi simsikilizi. Mihuri ilisafiri na kunakiliwa, na mafundi waliiga kazi za wenzao kwa makusudi. Ninachokitafuta ni mkusanyiko wa alama tatu au nne zinazokubaliana.

Faida ya kazi hiyo ni kwamba mahali ndipo panapokupa mwaka. Günzburg iliondoka mikononi mwa Austria mwaka 1805, hivyo riale iliyothibitika kuwa ya kiwanda hicho haiwezi kuwa ya baada ya hapo. Milano ilipotea mwaka 1859 na Venice mwaka 1866, nazo zilikuwa zikipiga riale kwa wingi kwa ajili ya biashara ya mashariki. Halafu ukaja mwaka 1935. Italia ilipokuwa ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, Mussolini alipata kutoka Austria haki ya kupiga riale kwa miaka 25, na Roma ikaanza kuzitoa kwa ajili ya vita hiyo. Wafanyabiashara wa Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji waliokuwa wakizihitaji Aden na Bahari ya Shamu wakajikuta hawana pa kuzipata, na serikali zao zikaamua kuzipiga zenyewe: London kuanzia mwaka 1936, Paris na Brussels nazo vilevile, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata Bombay, mwaka 1940 na 1941. Birmingham nayo iliingia baada ya vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 haki ikarudi Vienna peke yake. Kwa hiyo sura ya mjane wa Austria, iliyofanyiwa kazi kwanza Günzburg, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani ya leo, imepigwa na mataifa yaliyokuwa yakipigana vita wao kwa wao, na kila mmoja akijitahidi nakala yake isitofautishike na ya mwenzake.

Katika kulinganisha, mwanga una kazi kubwa kuliko lenzi. Nakaa karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukiwa unatoka ubavuni na si juu, kwa sababu mwanga wa juu huizima michoro yote. Sarafu mbili naziweka sambamba, vichwa vikielekea upande mmoja, na ninatazama sehemu moja tu kwa wakati mmoja: mkia na mkia, bizimu na bizimu. Anayejaribu kutazama sarafu nzima kwa pamoja ataona zinafanana, na ndivyo zilivyokusudiwa. Riale za pwani yetu zimechakaa zaidi begani na kwenye nywele, mahali palipotokeza, na lulu za bizimu mara nyingi zimebaki kama uvimbe mmoja usiohesabika. Ndiyo maana ninautegemea mkia wa tai na ukingo kuliko sura yenyewe. Wakusanyaji wa Ulaya, wenye sarafu zilizolala kwenye masanduku ya benki, wana anasa ya kuanza na lulu. Mimi naanza na kilichobaki.

Isidhaniwe kwamba uchunguzi huu ni mambo ya wasomi wa kisasa. Wazee wa pwani walikuwa wakizichambua sarafu kwa makini kwa sababu riziki yao ilitegemea hilo. Katika karne ya 19 walikuwa na riale ya Sham, ambayo ndiyo hii ya Maria Theresa, riale ya mzinga, ambayo ni ile ya Uhispania yenye nguzo mbili zilizoonekana kama mizinga, na riale ya Kifaransa, ambayo ni faranga tano za fedha. Kila moja ilikuwa na thamani yake sokoni, na thamani hiyo haikuwa ikifuata uzito wa fedha tu bali pia namna watu walivyoiamini sura yake. Sayyid Barghash alipotaka riale yake mwenyewe, aliiagiza Brussels, nayo ikatoka na mwaka 1299 wa Hijra, sawa na 1882, ikiwa na maandishi ya Kiarabu pande zote mbili bila sura ya mtu. Ni sarafu nzuri mno na ni adimu. Sijawahi kuishika, na wale wanaodai kuniuzia huwa wananiletea pesa za shaba za Sultani huyohuyo, zile zenye mizani.

Faranga tano nazo sitazichelewesha hapa. Zina gramu 25 za madini yenye fedha 900 kwa 1,000, na ile yenye Hercules katikati ya wanawake wawili, iliyochorwa na Augustin Dupré mwaka 1795 na kurudiwa mwaka 1848 na tena kuanzia 1870, ni mchoro bora kuliko wowote nilio nao. Lakini Wafaransa walikuwa waungwana: waliweka mwaka wa kweli na herufi ya kiwanda, A kwa Paris na K kwa Bordeaux, kwa hiyo hazimtaabishi mtu.

Rupia za Wadachi, yaani Wajerumani, ndizo zinazotuhusu zaidi watu wa Tanga, na hapa hali inageuka. Tarehe yake ni ya kweli, ila maandishi ndiyo yanayotaka kusomwa kwa makini. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia mwaka 1890, zikiwa zimepigwa Berlin. Upande mmoja una Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na maneno GUILELMUS II IMPERATOR kwa Kilatini. Upande wa pili una ngao yenye simba na mtende, pamoja na jina zima la kampuni, DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT. Uzito ni gramu 11.66 na fedha yake ni 917 kwa 1,000, sawasawa na rupia ya India, kwa sababu Mjerumani hakuwa mjinga wa kuleta sarafu ambayo Mhindi wa dukani angeikataa. Mwaka 1893 na 1894 zilitoka pia za rupia mbili, kubwa na nzito, ambazo watu huzipenda sana na waghushi huzipenda zaidi.

Jambo linalonishangaza kila ninapozipanga kwa miaka ni hili. Kampuni ilikodi pwani kutoka kwa Sultani wa Unguja mwaka 1888, ikakutana na vita vya Abushiri bin Salim aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, ikashindwa kutawala, na tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikachukua nchi rasmi. Hata hivyo jina la kampuni liliendelea kuandikwa kwenye fedha mpaka mwaka 1902. Kwa zaidi ya miaka kumi mfanyakazi wa reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 alilipwa kwa fedha yenye jina la kampuni isiyotawala tena. Kuanzia 1904 jina hilo likaondoka. Sasa imeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, simba ametoweka, na thamani pamoja na mwaka vimewekwa ndani ya shada la majani. Pesa 64 za rupia moja zikaachwa na kuingia heller 100, na rupia 15 zikawekwa sawa na mark 20. Hapo ndipo herufi ndogo ya kiwanda inapoanza kuwa na maana, A kwa Berlin na J kwa Hamburg, na kuna miaka ambayo herufi zote mbili zipo, hivyo rupia mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa matoleo mawili tofauti. Herufi hiyo ni ndogo na mara nyingi imejaa uchafu mweusi wa miaka. Mtu akiniambia ana rupia ya 1905, swali langu la kwanza ni kama anaiona herufi, na la pili ni kama ameisafisha. Ninaomba jibu la pili liwe hapana.

Kwa mwenye kupenda tofauti za michoro bila kuwa na fedha za kununulia fedha, ninapendekeza heller 20 za Tabora za mwaka 1916, hata kama ni za shaba ya njano na ziko nje ya mada yangu. Zilipigwa kwenye karakana ya reli wakati Wajerumani wamezingirwa, mihuri ikachongwa na mafundi waliokuwapo, kwa hiyo kuna taji kubwa na taji dogo, na kuna herufi L za neno HELLER zenye ncha iliyokunjwa na nyingine zenye ncha iliyochongoka. Mwanafunzi anaweza kujifunza kulinganisha matoleo kwa sarafu hizo kwa gharama ndogo.

Adui mkubwa wa sarafu za fedha hapa kwetu hakuwa mwizi wala mnunuzi wa kigeni, bali alikuwa harusi. Riale na rupia ziliyeyushwa zikawa vikuku, mitali na mikufu, na zile zilizosalimika nyingi zimetobolewa au zimeunganishwa sikio la kuningʼinizia. Katalogi za wakusanyaji huziita zilizoharibika na kuzishusha bei mpaka ibaki thamani ya madini tu. Mimi sikubaliani nazo. Riale yenye tundu juu ya kichwa cha Maria Theresa imesimama shingoni mwa mtu, na mara nyingi upande uliolala kifuani umehifadhiwa vizuri kuliko ule uliotazama nje. Nina moja ambayo sura imefutika kabisa, lakini manyoya ya tai yanahesabika moja moja, kwa sababu aliyeivaa aliugeuzia tai kifuani. Kwa kazi ya kulinganisha matoleo, hiyo ina faida kuliko nyingi zilizo kamili.

Sonara mmoja mzee wa Ngamiani ana rupia ya India ya Malkia Victoria ambayo nimeiulizia kwa muda mrefu. Tola, kipimo cha masonara chenye asili ya India, ni gramu 11.66, yaani uzito wa rupia moja, na masonara waliitumia sarafu hiyo kupimia kazi zao.

"Shikamoo mzee. Leo utaniuzia?"

"Marahaba mwanangu. Nitakuuziaje jiwe la mizani? Nikikupa hili nitapima kwa nini?"

Pembeni yake pana mizani ya betri inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Nimemwonyesha kwa kidole, naye akacheka, na rupia ikarudi kwenye kijaluba. Ni ya mwaka 1862, mwaka mwingine usioaminika, kwa kuwa kiwanda cha Bombay kiliendelea kuuandika hadi miaka ya mwanzo ya 1870 na kuongeza nukta ndogo ndogo za kutofautishia. Ninachokitaka ni kuzihesabu nukta hizo tu, na mzee amesema nikija na lenzi yangu hana neno.

Kuhusu bandia, kipimo ninachokiamini ni maji. Sumaku haitoshi, kwa sababu shaba na risasi hazivutwi na sumaku hata kidogo. Weka glasi ya maji kwenye mizani ya betri, irudishe kwenye sifuri, kisha funga sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe bila kugusa chini wala pembeni. Riale ya kweli ya gramu 28.07 itaifanya mizani isome takriban gramu 2.75. Ikisoma 3.3, mbele yako pana shaba ya njano iliyopakwa fedha, hata kama tai ana manyoya yote. Kwa rupia ya kweli kipimo ni kama 1.13. Yenye sikio la sonara haipimiki kwa njia hii bila hitilafu, maana risasi ya kuunganishia na sikio lenyewe vinaongeza uzito usiokuwa wake, hivyo kwa hiyo unarudi kwenye ukingo. Waghushi wengi huimimina sarafu kwenye kalibu, na ukingo wenye herufi zilizotokeza huwashinda. Herufi zao huwa laini, zimekosa kona, na mara nyingi kuna mstari mwembamba unaozunguka katikati ya ukingo mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana.

Usafi ni suala fupi. Ndimu na majivu, ambavyo bibi zetu walitumia kungʼarishia vikuku, vinakwangua na kula uso wa sarafu, na baada ya hapo nukta na nyuzi ndogo tunazozitafuta haziwezi kurudi. Maji safi ya uvuguvugu yasiyo na chumvi na kitambaa laini cha pamba, bila kusugua, vinatosha. Weusi uache. Usizifunge kwa mpira wa bendi, kwani mpira una salfa na utaacha mstari mweusi. Tumia bahasha za karatasi, na kwa hewa ya bahari kama ya Raskazone weka zile punje za kufyonza unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu.

Ipo pia sheria, na huwakumbusha wageni wanaotaka kuondoka na vitu hivi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa mabaki ya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Riale imeandikwa 1780. Ofisa wa forodha anayesoma tarehe ana haki ya kuuliza, na msafiri anayejibu kwamba yake ilipigwa Birmingham baada ya vita atatakiwa athibitishe kwa mkia wa tai, pale pale kwenye foleni.

Kwa sasa ninapanga picha za kingo za riale za Tanga, Pangani na Muheza ili nione ni viwanda gani vilivyotufikia kwa wingi, vile vya Italia vilivyokuwa chini ya Austria kabla ya 1866 au vile vya karne ya 20. Zilizopo mezani hazitoshi kusema lolote. Ndugu msomaji mwenye riale nyumbani, iwe kamili, iwe imetobolewa au imo kwenye mkufu wa marehemu bibi, nakuomba unipigie picha tatu: kichwa, tai, na ukingo wote kwa kuizungusha kidogo kidogo. Piga dirishani bila taa ya simu, weka rula pembeni, na uandike uzito wake pamoja na mji ambao familia iliipatia. Mwaka usihangaike kuuandika.